Aliyeshika Usukani wa Gari Lililobebwa

Mgeni akiniulizia mtaani Pasiansi huelekezwa hivi: "Tafuta lango la kijani. Ukichungulia ukaona Landrova ya Dereva, umefika." Naomba nisahihishe jambo hili kabla ya jingine lolote. Lango ni langu. Uwanja ni wangu. Landrova ile niliinunua mimi kwa zabuni, bahasha imefungwa, nikashindana na wengine kama sheria inavyotaka, na kadi ya usajili ina jina langu. Nakala imo katika jalada la bluu, juu ya kabati. Dereva hajawahi kumiliki gari maishani mwake.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sitaeleza. Mambo hayo yamo katika faili lake la utumishi, na faili la mtumishi ni siri. Nitaandika niliyoyaona mwenyewe: kwanza Karagwe, ambako mimi nilikuwa afisa msimamizi wa kituo na yeye alikuwa dereva wa gari letu pekee; kisha hapa Mwanza, tulipostaafu akajenga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Jina lake nitaliacha pia, kwa kuwa hakuna aliyelitumia. Hata marehemu mke wangu, binti wa mchungaji, aliyekuwa akimtaja kila mtu kwa jina la ubatizo, yeye alimwita Dereva, kana kwamba nchi nzima ilikuwa na mmoja tu.

Alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya kufuma isiyotoka kichwani, na mikono mirefu kuliko mashati yake. Aliendesha amenyooka kama mtu aliyeketi msikitini. Kila alipopanda gari alisema "Bismillahi," akagusa usukani kwa kiganja kabla ya kugusa ufunguo, na akishuka aliugusa tena. Siku moja nilimwuliza sababu. "Nimeazima, Bosi," alinijibu. "Mtu akiazima huaga."

Misemo yake ilikuwa mingi, na watu waliirudia kama maandiko. Gia iliyogoma alisema huombwa, haisukumwi. Barabara ya mvua alisema ni mama mkwe: unaipita ukiwa umeinama. Msemo ulionichoma zaidi niliusikia siku tuliyozama topeni karibu na mto, mimi nikiwa nimevaa suti kwa ajili ya mkutano wa wilaya. Alizima injini, akashuka, akaja upande wangu na chepe mkononi.

"Bosi, tope halina cheo. Karibu."

Nikashuka. Nikachimba. Wanakijiji walipotokea kusaidia walimsalimu yeye mmoja baada ya mwingine, wakamwuliza habari za watoto, wakampa ndizi mbivu. Mimi mzee mmoja alinitazama viatu akauliza, "Na huyu utingo wako mpya anatoka wapi?" Dereva hakucheka. Alisema kwa upole kwamba mimi ndiye mkubwa wake. Mzee akaniomba radhi. Radhi ile iliniuma kuliko kosa.

Hapo niandike neno lenyewe, maana nimezoea kuita kitu kwa jina lake: nilimwonea wivu. Si wivu wa mali, hakuwa nayo. Miaka yote ya Karagwe nilikesha juu ya mafaili ya watu wale, nikawapigania visima na barabara kwa barua ambazo nakala zake ningeweza kuzionyesha. Mtu aliyewapungia mkono tu akipita ndiye waliyempenda. Alibeba wajawazito, wagonjwa, mikungu ya ndizi, maiti mara mbili, na siku moja mbuzi wa mahari. Kila mara nilimwandikia onyo, maana gari la kituo halikuwa la mahari. Kila mara alilipokea onyo kwa mikono miwili, akasema, "Nimelipata, Bosi," akaendelea kubeba.

Asidhaniwe alikuwa mtu mnyoofu wa kila upande. Huyu aliyevuka mito bila kupepesa jicho aliogopa maji ya ziwa kama mtoto. Kwa meli hakusafiri kamwe, na kwenye kivuko alifumba macho kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Huyu aliyesifiwa kwa uvumilivu aliweza kumnunia mtu wiki nzima kwa kosa la kufunga mlango wa gari kwa kishindo. Kitabu cha safari alikijaza kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, tena bila kukosea saa, lakini safu ya "kusudi la safari" aliifanya mahali pa utani. Niliwahi kukuta ameandika: "Kumpeleka Bosi akagombane." Na alipostaafu, mtu huyu wa barabara alikwenda kila mahali kwa miguu. Kutoka Pasiansi hadi Kirumba, miguu. Ukimpa lifti alikwambia, "Ahsante, nimeendesha vya kutosha."

Kulikuwa na jambo la mke wangu. Sina shaka yoyote ya aibu. Ningekuwa nayo ningeiandika. Lakini alimwita mke wangu "shemeji", na kumwita mke wa mtu shemeji ni kujifanya ndugu wa mumewe bila kuombwa. Mke wangu alimwitikia kwa furaha. Akiwa jikoni nilimsikia akicheka kwa hadithi za Dereva kicheko ambacho mimi sikukipata hata kwa mwaka mmoja. Na mwanangu, mtoto wetu wa pekee, tangu alipojua kusema alimwita "Baba Dereva".

Mtoto huyo alizaliwa siku ambayo mimi nilikuwa Bukoba, nimekwenda kikaoni kwa gari la mkoa. Landrova ilibaki kituoni. Uchungu ulimshika mke wangu mchana, wiki tatu kabla ya siku yake. Karani alikataa kutoa ufunguo bila sahihi ya afisa, kama nilivyomfundisha. Dereva aliuchukua msumarini mwenyewe, akampakia mke wangu na jirani mmoja, akaendesha kwenye tope hadi hospitali ya misheni. Walifika mlangoni, hawakufika wodini. Sauti ya kwanza ya mwanangu aliyeisikia ni Dereva.

Niliporudi nilifungua kitabu cha safari. Alikuwa ameandika tarehe, saa ya kuondoka, mahali pa kwenda, na kwenye kusudi neno moja: "Shemeji." Safu ya afisa aliyeidhinisha ilikuwa wazi, na ya saa ya kurudi pia, kwa sababu kwa utaratibu wetu saa ya kurudi hujazwa afisa akishaweka sahihi. Mimi sikuweka. Niliandika kwa wino mwekundu: "Safari isiyo na kibali," nikampa onyo kama nilivyowapa wote. Nilijiambia kwamba anayeisamehe safari ya mkewe hana uso wa kuikemea ya mke wa mwenzake. Ilikuwa hoja nzuri. Naiona nzuri hata leo. Lakini aliyeliandika onyo lile hakuwa afisa peke yake.

Mke wangu aliuona ule wino. Alipika, akala nami, na miaka yote iliyofuata hakulitaja. Ametutoka sasa.

Baada ya mazishi niliona nahitaji kitu kimoja kutoka miaka ile kiwe changu, kisichogawanywa na Dereva. Ndipo lilipotoka tangazo la zabuni. Kituo cha Karagwe kilikwisha kuhamishwa zamani. Landrova, injini ikiwa imekufa, iliachwa kwenye uwanja wa bibi mmoja jirani, mkulima wa kahawa. Niliomba, nikashinda. Gari na vyote vilivyomo, ndivyo hati ilivyosema. Nilipanda basi stendi ya Buzuruga nikiwa na jalada langu.

Bibi alinipokea kwa heshima, akanikaribisha kiti, akasoma uso wangu kwa muda mrefu. Landrova ilikuwa nyuma yake, juu ya mawe, buni zimeanikwa juu ya boneti na kuku wametaga ndani.

"Nimekuja kuchukua gari langu, mama. Hizi hapa karatasi."

"Karatasi mimi sisomi, mwanangu. Mwenye gari namjua."

"Ni mimi."

"Hapana. Mwenye gari ni mwembamba, ana kofia. Alinipeleka hospitali. Siku walipolileta hapa kwa kuvutwa alikuja nalo, akaniambia nimtunzie. Mlete yeye."

Ningeweza kwenda kwa mtendaji wa kata. Sheria ilikuwa upande wangu wote. Lakini nilitazama wale majirani waliokuwa wamekusanyika ukingoni mwa migomba, na nikajua kwamba hakuna hata mmoja angeweka bega lake kwenye gari lile kwa ajili yangu. Nilirudi Mwanza mikono mitupu. Siku mbili nilipita mbele ya nyumba ya Dereva bila kuingia. Ya tatu niliingia.

Alinisikiliza hadi mwisho, akamimina chai.

"Nitakwenda, Bosi. Ila nitakaa usukani."

"Gari halitembei. Litapakiwa kwenye fuso."

"Nimesikia. Nitakaa usukani."

Nilidhani ni utani wake. Haukuwa. Nilikuja kujua baadaye kwamba madereva wa zamani wa huko walikuwa na desturi hiyo: gari bovu halisafirishwi bila mtu ndani. Walisema likibebwa likiwa tupu hufika likiwa chuma tu, halitengenezeki tena. Mafundi waliwacheka, na desturi ikaendelea.

Tulikwenda na fuso la mtu mmoja wa Magu, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha ng'ombe. Bibi alipomwona Dereva alimshika mikono yote miwili, akalia kidogo, kisha akaanza kukusanya buni zake mwenyewe kutoka kwenye boneti. Nusu saa haikupita, uwanja ukajaa watu. Dereva alikuja na mipira minne ya ndani ya tairi na pampu ya mguu. Alikata mmea mtambazi uliopenya sakafuni, akawahamisha kuku na mayai yao kama anayehamisha wagonjwa. Lori lilirudishwa nyuma hadi kwenye ukingo wa udongo, pale barabara ilipochongwa, kitako chake kikalingana na ardhi. Mbao zikawekwa, kamba zikafungwa. Yeye akaingia, akasema bismillahi, akagusa usukani.

"Vuteni! Taratibu... shoto kidogo... acha! Weka jiwe! Haya, mama zangu, tena!"

Landrova ikapanda. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeshika jalada.

Hivyo ndivyo tulivyosafiri: mimi mbele na mwenye lori, na nyuma yetu, juu kabisa, ndani ya gari lililofungwa minyororo, mzee mwenye kofia, mikono miwili usukanini. Kila kona lori lilipokata, naye alikata. Nilimwona kwa kioo cha pembeni.

"Bosi," mwenye lori alinguruma akicheka, "yule mzee wako ananisaidia kuendesha! Hata breki anakanyaga!"

Biharamulo walimpungia. Sokoni akina mama waliweka matunda chini ili wapunge kwa mikono miwili. Yeye aliitikia "marahaba" kwa watoto wa shule mstari mzima, bila kuruka hata mmoja. Kabla ya Geita trafiki alitusimamisha. Alitazama juu, akavua kofia, akakuna kichwa.

"Shikamoo mzee. Huko juu unafanya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Naendesha."

"Si limekufa hilo?"

"Limekufa injini. Usukani mzima."

"Basi lete leseni."

Dereva akaitoa kwenye mfuko wa nailoni, akaishusha kwa heshima. Trafiki alicheka mpaka akajishika kiuno. Nilishuka na jalada wazi. "Afande, mwenye gari ni mimi. Kadi hii hapa, hati ya mauziano hii hapa..."

"Sawa, mzee wangu, subiri kidogo. Naongea na Dereva."

Hakuna aliyemwambia kwamba anaitwa Dereva.

Aliamuru, na kwa haki kabisa, kwamba mtu asisafiri juu ya mzigo. Dereva akashuka, akaketi kati yetu. Hakubisha. Aliweka mikono juu ya magoti, na kila kona vidole vyake vilipinda kidogo, kulia, kushoto. Lakini kabla ya Sengerema mwenye lori alikwisha kumgeukia mzima mzima. Walizungumza tope, gia na milima niliyopita mimi pia, nikiwa nimeketi kushoto, na hakuna aliyeniuliza. Nilisema lori lisimame.

"Mrudishe juu," nilisema.

Mwenye lori alinitazama kwa upendo. Alidhani ni huruma. Nakiri hapa kwamba nilivunja amri halali ya askari, na sababu haikuwa huruma.

Tulivuka kwa kivuko cha Kamanga, kwa kuwa kinateremsha mjini moja kwa moja. Mwenye lori alishuka kununua karanga. Nami nilisikia sauti kutoka juu, ya mtu anayesema kupitia meno.

"Bosi. Panda. Kiti chako kipo."

Nikapanda. Alikuwa amefumba macho, amevuta handibreki, ameweka gia ya kwanza, vyote kwa gari lisilo na injini. Niliketi upande wangu wa kushoto. Ziwa lilikuwa limetulia, ila yeye alishika usukani kama aliye kwenye mteremko.

"Fungua kisanduku hapo mbele yako," alisema. "Zungumza nami. Soma chochote."

Ndani ya kisanduku kulikuwa na kitabu cha safari. Panya walikula pembe tu. Sikuhitaji kutafuta ukurasa. Kilifunguka pale penye wino mwekundu.

"Umeikuta?" aliuliza, macho bado yamefumba. "Ile safari hujaifunga."

"Haikuwa na kibali."

"Najua. Mtoto lakini alifika."

"Ungetuma ujumbe kwa redio ya kituo. Ningekuidhinishia."

"Nilituma, Bosi. Wakanijibu afisa yuko kikaoni, ameagiza asisumbuliwe."

Nilikuwa nimeagiza hivyo. Kwa maandishi. Nilitazama majabali ya Mwanza yakikaribia. Miaka yote hakuwahi kunijibu hivyo, hata kwenye barua ya onyo ambako alikuwa na nafasi ya kujitetea.

Baadaye kidogo alisema, "Andika basi ya leo. Karagwe hadi Pasiansi. Dereva, mimi."

"Gari lililobebwa halisafiri. Ni mzigo. Mzigo hauna dereva."

Alifumbua macho, akaona maji, akayafumba tena. Mikono haikutoka usukanini hadi tulipogusa nchi kavu.

Basi gari likawa uani kwangu, juu ya mawe mapya niliyoyachagua mwenyewe. Kila asubuhi Dereva alikuja, akabisha hodi kwa adabu, akaketi usukanini. Haikupita wiki, watu wakaanza kuja kwake. Walisimama dirishani, wakaleta kesi za ndoa, za mipaka, za watoto. Wengine walipanda nyuma wakakaa. Niliwapikia chai, na walinishukuru kama anavyoshukuriwa mwenye mgahawa.

Mwanangu alipokuja likizo kutoka Dodoma, niliisikia teksi, nikavaa koti, nikasimama mlangoni. Hakufika mlangoni. Alipitia garini. Nilisimama pale na koti langu nikisikiliza wawili wanavyocheka, na kicheko cha mwanangu ni kile kile cha mama yake.

Alipoondoka nilinunua kufuli.

Asubuhi Dereva alikuja, akalikuta langoni. Nilikuwa nyuma ya pazia. Aliligusa kwa kiganja kama alivyogusa usukani. "Kufuli zuri, Bosi," alisema kwa sauti ya kawaida, akijua nilipo. Akaenda zake kwa miguu. Hakurudi tena, na mimi sikumfuata. Miezi ikapita. Mtaani watu walinisalimu vizuri, kwa ufupi.

Habari nilipewa na mwanangu kwa simu, maana yeye ndiye aliyepigiwa: Dereva amepatwa na kiharusi, binti yake amemchukua kwake Buswelu. Nilikaa na habari hiyo siku nne. Kisha nilikichukua kitabu cha safari, nikafunga tai, nikaenda.

Alikuwa kitandani, karibu na dirisha, kofia kichwani. Mkono wa kulia ulilala juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Mdomo ulikuwa umepinda, lakini maneno yalitoka, polepole.

"Bosi. Umekuja na jalada?"

"Nimekuja na kitabu."

Nilikuwa nimekwisha kuandika nyumbani, kwa mwandiko wangu bora: Karagwe hadi Pasiansi, kusudi la safari, kurudisha gari, na kwenye safu ya dereva, jina lake kamili, ambalo sikuwahi kuliandika isipokuwa kwenye onyo. Nilimwekea mbele na kalamu. Alitazama mkono wake wa kulia. Nami niliutazama. Sikuwa nimelifikiria hilo, mimi niliyezoea kufikiria kila kitu.

"Hiyo iache," alisema. "Funga ile."

Nikafungua ukurasa wa wino mwekundu. Nikaweka sahihi kwenye safu ya afisa aliyeidhinisha, iliyokuwa tupu tangu mwanangu azaliwe. Sikurudisha tarehe nyuma. Sijawahi kughushi na sitaanza uzeeni. Niliandika tarehe ya siku ile ile, ya Buswelu.

"Saa ya kurudi?" aliuliza.

"Utaniambia wewe."

"Sasa hivi saa ngapi?"

Nikatazama saa yangu. "Saa kumi na dakika tano."

"Andika."

Nikaandika. Alivuta pumzi ndefu, kama mtu anayezima injini. "Safari ndefu hiyo, Bosi. Ulinihesabu niko njiani miaka yote." Upande mmoja wa uso wake ulicheka. Kisha akaniuliza, "Na sasa nani amekaa usukani?"

"Hakuna mtu."

"Kakae wewe. Lisizoee utupu."

Katika miaka yote ile, ya Karagwe na ya Pasiansi, sikuwahi kuketi upande wa kulia wa gari lile. Kiti changu kilikuwa kushoto. Niliporudi nilifungua kufuli, nikaingia na tai yangu, nikashika usukani. Ulikuwa umelika mahali pawili, pale palipokuwa viganja vyake, na vyangu havikulingana napo. Kioo cha mbele kilijaa vumbi. Jirani mmoja, mama muuza dagaa, akapita nje na beseni lake kichwani, akaona lango wazi na kivuli cha mtu garini.

"Shikamoo Dereva!" aliita kwa furaha. "Umepona?"

Ningeweza kushuka nikarekebisha kumbukumbu. Niliitika marahaba, kwa niaba yake.